Kituo cha utengamao cha Moshi kwa wagonjwa wasiojitambua baada ya kuumia kichwa: tathmini ya mjomba wa mgonjwa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kituo binafsi cha utengamao kilichopo ndani ya Manispaa ya Moshi, kinachopokea wagonjwa waliotoka chumba cha wagonjwa mahututi baada ya kuumia vibaya kichwani na ambao, ingawa wameshaondolewa kwenye mashine ya kupumulia, bado hawazungumzi, hawafuati maelekezo, na hawaoneshi kwa uhakika kwamba wanawatambua walio mbele yao. Mgonjwa wetu alikuwa mpwa wangu, kijana wa bodaboda aliyegongwa katika barabara ya Himo, na kwa kuwa nimeshastaafu, mimi ndiye niliyekuwa nikishinda naye mchana wakati mama yake akihangaika na shamba na wadogo zake. Jina la kituo sitalitaja, kwa sababu vitanda vyake ni vichache na mji wetu ni mdogo. Anayekitaja kwa jina atakuwa amewataja na wagonjwa waliolala ndani yake.

Nianze na kinachokera, nikitoe njiani. Getini pametundikwa bango kubwa lenye maandishi mekundu yanayodai kwamba kituo "kinaamsha wagonjwa wa koma". Dai hilo si la kweli, na ajabu ni kwamba hakuna mtumishi hata mmoja wa ndani anayelitamka. Siku tulipopokelewa, muuguzi mkuu alimwambia dada yangu waziwazi: "Mama, hapa hatumwamshi mtu. Tunaondoa vinavyomzuia kuamka, basi. Mengine ni ya ubongo wake na ya Mwenyezi Mungu." Laiti wenye kituo wangempa muuguzi huyo kazi ya kuandika bango, wangepoteza wateja wachache na kubaki na wale wanaojua walichokifuata.

Kwanza ifahamike kwamba wengi wa wanaolazwa pale hawako katika koma kwa maana ya kitabibu. Mtu aliye katika koma amefumba macho muda wote, haamki kwa sauti wala kwa maumivu, na hana mzunguko wa kulala na kuamka. Kwa anayenusurika, hali hiyo kwa kawaida haizidi wiki 4 hivi. Baada ya hapo macho hufumbuka, na hapo ndipo familia nyingi, yetu ikiwemo, hupiga simu kijijini kutangaza kwamba mgonjwa ameamka. Kumbe kuna wanaofumbua macho bila dalili yoyote ya kujitambua, hali ambayo Bryan Jennett na Fred Plum waliieleza na kuipa jina mwaka 1972, na kuna wenye fahamu hafifu, inayokuja na kuondoka, ambao vigezo vya kuwatambua viliwekwa mwaka 2002. Ukimwona mgonjwa kwa dakika chache mlangoni huwezi kuwatenganisha. Hata hivyo mwenye fahamu hafifu ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kupata nafuu, na yapo mambo anayoyasikia na kuyaelewa, hivyo kumweka katika kundi lisilo lake kunamnyima matibabu na kunawafanya ndugu waongee mbele yake maneno ambayo wasingethubutu kuyasema mbele ya mtu mwenye akili timamu.

Mpwa wangu alifika na barua iliyoeleza kwamba kipimo chake cha Glasgow, yaani cha kiwango cha fahamu, kilikuwa 9, kutoka 5 aliyokuwa nayo siku ya ajali, na sisi tulilishika ongezeko hilo kama ushahidi wa nafuu. Kipimo hicho, kilichotolewa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, huwapa alama macho hadi 4, maneno hadi 5 na mwitikio wa viungo hadi 6, kiasi kwamba jumla ya chini kabisa ni 3 na ya juu ni 15, na anayepata 8 au pungufu huhesabiwa kuwa na jeraha kali. Kwa saa na siku za mwanzo ni kipimo kizuri sana: wauguzi wa zamu tofauti wanaelewana, na mgonjwa anayeshuka alama mbili hupelekwa haraka kwenye picha ya kichwa kabla damu haijaukandamiza ubongo. Daktari wa kituo, hata hivyo, aliigeuza barua ile na kutuandikia mgongoni mwake jinsi 9 ile ilivyopatikana. Alama 4 zilikuwa za macho kuwa wazi tu. Alama 1 ilikuwa ya mdomo usioweza kutoa sauti kwa sababu alikuwa na tundu la kupumulia kooni, na 4 zilizobaki zilikuwa za kuuvuta mkono anapofinywa ukucha. Namba ilikuwa imepanda bila kutuambia kama kijana yumo au hayumo.

Hapo ndipo thamani ya kituo hiki ilipo, na ndiyo sababu ya kuandika tathmini hii. Wanapima, na wanapima upya, kwa utaratibu ambao sijauona ukifuatwa kwa uvumilivu wa namna hiyo mahali pengine. Wanatumia kipimo cha kufuatilia kurejea kwa fahamu ambacho toleo lake lililorekebishwa lilichapishwa mwaka 2004, chenye sehemu sita zinazogusa kusikia, kuona, viungo, mdomo, mawasiliano na kiwango cha kuwa macho, na alama zake zinaanzia 0 hadi 23. Kukifanya kikamilifu kunaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Kinatakiwa kurudiwa angalau mara tano ndani ya muda mfupi, kwa saa tofauti, kwa kuwa fahamu hafifu haikai mahali pamoja: asubuhi ipo, mchana imezama. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1996 na mwingine wa Ubelgiji wa mwaka 2009 ulionesha kwamba takriban wagonjwa 4 kati ya 10 waliodhaniwa hawajitambui kabisa walikuwa na dalili za fahamu walipopimwa kwa uangalifu. Ninaposema huduma hii ni nzuri, ninamaanisha kwanza kwamba inalichukulia kosa hilo kuwa linaweza kutokea hata kwao.

Kabla ya kupima walifanya mambo ambayo sisi tuliyaona kama kupoteza muda. Masikio yalichunguzwa na kusafishwa nta, kwa maelezo kwamba mtu aliyevunjika mfupa wa chini ya fuvu anaweza kuwa amepoteza usikivu, na haiwezekani kumlaumu kwa kutotii amri asiyoisikia. Orodha ya dawa ilipitiwa moja baada ya nyingine. Alikuwa bado anapewa fenitoini ya kuzuia degedege, ingawa hakuwahi kupata degedege hata mara moja na dawa ile kwa kawaida hutolewa kwa siku 7 za mwanzo kwa lengo la kinga, na kila jioni alipewa diazepamu ya kulegeza misuli, ambayo ilimfanya alale hadi saa nne asubuhi. Daktari hakuzikata kwa pupa. Aliwasiliana na wapasuaji waliomtibu, wakakubaliana, kisha akazipunguza hatua kwa hatua. Ndani ya muda mfupi tuliona uso ukichangamka, bila dawa mpya yoyote kuongezwa.

Kioo ndicho nitakachokikumbuka kuliko vifaa vyao vyote. Mtaalamu wa viungo, binti mpole anayemwamkia kila mgonjwa kwa jina kabla ya kumgusa, alimketisha mpwa wangu akiwa ameegemezwa mito pande zote mbili, akasubiri dakika kadhaa, kisha akatoa mfukoni kioo cha duara chenye ukingo wa plastiki, kile cha kunyolea ndevu kinachouzwa sokoni. Alikiweka mbele ya uso wake, karibu, akakisogeza polepole kuelekea kulia. Macho yalibaki yakitazama dari. Akakirudisha katikati, akangoja, akakisogeza tena kushoto. Safari hii jicho la kushoto lilishtuka na kukifuata kioo hadi karibu na bega, likakipoteza, likarudi. Dada yangu aliruka kutoka kwenye kiti. Binti yule alimwomba atulie, akarudia kwa juu na kwa chini, akaandika kwenye fomu yake, na jibu lake lilikuwa moja tu: "Tutaangalia tena kesho, mama." Wanatumia kioo kwa sababu imethibitika kwamba watu wengi hufuata sura yao wenyewe mapema kuliko wanavyofuata kidole, tochi au uso wa mtu mwingine. Hospitali yoyote inaweza kukinunua.

Upande wa pili walitunyang'anya tumaini moja tulilokuwa tumelishikilia. Dada yangu alikuwa akisimulia kwa kila mgeni kwamba mwanawe humminya mkono anapomwombea. Mtaalamu alituonesha kwamba kiganja chochote kikiguswa katikati kinaweza kufunga chenyewe, kama cha mtoto mchanga, bila mwenyewe kukusudia. Alichokitafuta yeye ni kuachia. Alimwambia, "Bana," akasubiri, kisha, "Achia," akasubiri tena, na kati ya majaribio hayo alikaa kimya kwa muda uleule bila kutoa amri ili kuona kama vidole vinajichezea tu. Kwa wiki nyingi kiganja kilibana bila kuachia. Dada alikasirika, akasema mtaalamu anataka kumnyima mwanawe hata hicho kidogo, lakini mimi nilianza kumwamini binti yule tangu siku hiyo, kwa kuwa asiyetupa alama za bure ndiye tutakayemsadiki atakapotuambia kwamba alama zimepatikana. Ziliposemwa zimepatikana, nilisadiki mara moja.

Kuna kipindi kijana alianza kutokwa jasho jingi ghafla, mapigo ya moyo yakienda mbio, joto likipanda na mikono ikijikunja kwa nguvu, na baada ya muda yote yakitulia yenyewe. Ndugu wote tuliafikiana kwamba ni malaria. Walipima malaria hawakuikuta, wakapima mkojo na kusikiliza mapafu, na walipojiridhisha kwamba si maambukizi, daktari alieleza kwamba baada ya jeraha kubwa la ubongo mfumo wa neva unaoendesha moyo, jasho na shinikizo la damu unaweza kukosa breki, na kwamba kelele, kugeuzwa kwa ghafla au mkojo uliojaa vinatosha kuuchokoza. Alianzishiwa propranololi kwa dozi ndogo, na wauguzi wakaagizwa wafanye kazi zao za kitandani kwa mkupuo mmoja na kumwacha apumzike. Kituo kisichofahamu jambo hili kingemmalizia dozi za malaria na antibayotiki hadi figo zilalamike.

Lililonishawishi zaidi kuhusu uaminifu wao ni pale walipoamua kumrudisha hospitali. Alama zake zilikuwa zikipanda kidogo kidogo, kisha zikasimama, kisha zikashuka. Macho yaliacha kukifuata kioo na akaanza kutapika chakula alicholishwa kwa mpira wa puani. Wangeweza kusema ubongo umefikia kikomo chake, na sisi tusingekuwa na la kujibu. Badala yake daktari alisema kwamba mgonjwa wa aina hii anayerudi nyuma lazima atafutiwe sababu, akaandika rufaa siku hiyohiyo. Picha ya kichwa ilionesha kwamba vyumba vya maji ndani ya ubongo vimepanuka, kwa kuwa maji yanayouzunguka ubongo hayakuwa yakifyonzwa ipasavyo, tatizo linalojulikana kutokea baada ya majeraha makubwa ya kichwa na ambalo linatibika kwa upasuaji wa kuweka mrija mwembamba unaoyapeleka maji hayo tumboni. Tuna bahati ya kuishi Moshi, mji ambao hospitali ya rufaa ya KCMC ipo tangu mwaka 1971 na hupokea rufaa za kanda nzima ya kaskazini; mgonjwa wa wilaya ya mbali angesafirishwa siku nzima. Alipowekewa mrija na kurudi kituoni, kioo kilianza tena kufuatwa, mara hii kwa macho yote mawili.

Kuhusu dawa ya kuchochea fahamu, nilitarajia kuuziwa sindano za kila rangi, na hazikuwepo. Dawa pekee waliyoipendekeza ni amantadini, dawa ya zamani iliyotumika kwa mafua makali na kwa ugonjwa wa Parkinson, ambayo mwaka 2012 jaribio la wagonjwa 184 waliokuwa kati ya wiki 4 na 16 tangu waumie lilionesha kwamba huharakisha nafuu katika wiki 4 za kuitumia. Daktari alitusomea pia upande ambao muuzaji huwa anauruka: dawa iliposimamishwa, kasi ilipungua, na wiki mbili baadaye tofauti kati ya waliopewa na wasiopewa ilikuwa imepungua sana. Alitutahadharisha kuhusu degedege na kuhusu figo, akaomba kipimo cha damu kwanza. Tulikubali. Siwezi kusema ni dawa, ni mrija au ni muda uliofanya kazi, na wao pia hawakudai kujua. Mwongozo wa madaktari wa neva wa Marekani wa mwaka 2018 ndio uliowapa ujasiri wa kumpa dawa hiyo.

Matunzo ya kila siku ya mchana ni safi. Kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30, chakula hupita kwenye mpira wa puani baada ya kuvuta kwanza majimaji kuhakikisha ncha iko tumboni, na mgonjwa halazwi chali baada ya kulishwa. Tuliruhusiwa kuleta mtori wa nyumbani kwa masharti kwamba usagwe na kuchujwa mara mbili, kwa sababu nyuzinyuzi za ndizi huziba mpira, na kila mlo ufuatiwe na maji safi. Viungo vilinyooshwa asubuhi na jioni, vifundo vya miguu vilifungiwa viunzi vya plasta ili nyayo zisipinde, na alisimamishwa kwenye kitanda cha kuinukia kilichochongwa na fundi seremala wa hapahapa Moshi, chenye mikanda ya ngozi kifuani na magotini. Kiwiko cha kulia kilipoanza kuwa kigumu na cha moto, hawakukilazimisha kama wafanyavyo wengi. Walisitisha, wakaomba eksirei, wakakuta mfupa umeanza kuota ndani ya nyama mahali usipotakiwa.

Usiku ni habari nyingine. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya matako na visigino hufa, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kumuua mtu aliyenusurika ajali. Kila kitanda kina karatasi ya kugeuza inayosainiwa. Siku moja nilichelewa kuondoka, na saa nne usiku nilipoitazama karatasi nikakuta tayari imesainiwa ya saa sita, ya saa nane na ya saa kumi, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Nilimwonesha muuguzi mkuu asubuhi yake. Hakubisha, hakumtetea mtu. Kuanzia siku hiyo karatasi zilikusanywa kila zamu, na familia zikaruhusiwa kuacha ndugu mmoja alale kwenye kiti. Nashukuru kwa hatua hiyo, ila haiondoi tatizo lenyewe, ambalo ni kwamba wauguzi wa usiku ni wawili kwa jengo zima na mmoja wao ndiye anayefungua geti. Mwisho wa juma nao hakuna mtaalamu wa viungo, hivyo Jumatatu hutumika kulegeza kilichokaza Jumamosi na Jumapili.

Katika kuzungumza na ndugu wako vizuri kuliko nilivyotegemea. Walitukutanisha katika chumba chenye mlango unaofungwa, si koridoni, wakatueleza kwamba aliyeumia kwa kipigo cha kichwa kwa kawaida ana matarajio mazuri kuliko aliyekosa hewa ya oksijeni, kwamba ujana wake unamsaidia, na kwamba hali isiyobadilika haiitwi sugu kabla ya miezi 12 kupita kwa waliopata ajali, na hata baada ya hapo wapo wachache wanaoendelea kubadilika. Walikataa kutaja tarehe, hata shangazi mmoja alipowabana. Walipiga marufuku mazungumzo ya madeni, kesi ya ajali na mazishi karibu na kitanda, wakitusimulia kwamba mwaka 2006 watafiti walimwambia mwanamke asiyeonesha dalili yoyote afikirie kucheza tenisi, na picha za ubongo zikaonesha kwamba amefikiri kweli. Na kwamba utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta karibu mmoja kati ya wanne wa wasioitikia maagizo yoyote akiyafuata kwa ubongo bila mwili kusogea. Mashine za namna hiyo hawana, na hawakujifanya wanazo. Maombi yanaruhusiwa, ila kwa sauti ya kawaida na watu wasiozidi watatu. Kundi moja la jirani lililokuja na spika liliombwa kwa heshima liiache nje, na nadhani hata wagonjwa walishukuru.

Bei ndiyo sehemu yao dhaifu ya pili. Ankara ya kila wiki ilikuja na vitu ambavyo havikutajwa mwanzoni: mipira ya kufyonzea makohozi, pampasi za watu wazima, kukodi godoro la hewa, hata kufua mashuka. Hakuna kilichokuwa cha uongo, lakini familia iliyokwisha kuuza ng'ombe inahitaji kujua mapema. Niliomba orodha kamili ya bei nikaambiwa inaandaliwa, na tulipoondoka ilikuwa bado inaandaliwa. Suala la bima nalo liulizwe kwa maandishi, kwa sababu aliyetupokea alituambia jambo moja na mhasibu akatuambia lingine.

Mpwa wangu alipoondoka alikuwa akijibu kwa kidole gumba. Kipimo cha mwisho cha mawasiliano kina maswali sita mepesi ambayo jibu lake liko mbele ya macho: mtaalamu hugusa sikio lake na kuuliza, "Ninagusa sikio langu sasa hivi?" au hukaa ametulia na kuuliza kama anapiga makofi. Akiyajibu yote kwa usahihi, au akitumia vitu viwili kwa kazi yake, kama kitana na kikombe, huhesabiwa kuwa amevuka fahamu hafifu. Alijibu yote sita asubuhi moja, akashindwa mawili kesho yake, na siku iliyofuata akajibu yote tena. Wakamwandikia kwamba amevuka. Hatembei, kumbukumbu yake ya karibu ni mbovu, na hukasirika upesi, mambo ambayo tuliambiwa tuyatarajie kwa muda mrefu. Dada alifundishwa kumlisha, kumgeuza, kulisafisha tundu la koo kabla halijafungwa, na kuitambua dalili ya mrija wa kichwani kuziba, yaani kusinzia kupita kawaida, kutapika na kuumwa kichwa. Ufuatiliaji wa nyumbani ni hafifu, mara moja kwa mwezi, na mvua za masika zikianza gari lao halipandi kwetu Kibosho.

Kwa upimaji na kwa uamuzi wa kitabibu ningempeleka mgonjwa pale tena bila kusita. Kwa usiku nisingemwacha peke yake. Atakayetaka kitanda apige simu kabla mgonjwa hajaruhusiwa hospitali, kwa maana foleni ipo, na aende na picha za kichwa zenyewe pamoja na majibu yake, orodha ya dawa yenye tarehe ya kuanza kila moja, na nakala ya fomu ya polisi ya PF3, ambayo wakili wa madai ya ajali ataidai baadaye. Pampasi zinunuliwe mjini.